Kompyuta ya Fundi Kasongo

Haya alinisimulia Céline mwenyewe, mwezi wa pili mwaka huu, siku ile maji yalipokatika katikati ya foleni na sisi tukabaki tumekalia mitungi mitupu mpaka jua likatupita kichwani. Alianza kwa kucheka, akafika mahali hacheki tena.

Mwaka jana, kabla ya Krismasi, alikuwa Lodwar, ndani ya duka la kompyuta, na karatasi ya Yai ilikuwa imefungwa kwenye pindo la kitenge chake kama hela ya sadaka. Muuzaji alikuwa kijana mrefu wa Kiturkana, jina lake Ekal, mtu wa adabu. "Ejok, mama," akamwamkia, akamvutia kiti cha plastiki, akamuuliza kompyuta anayoitaka ni ya kazi gani.

Swali lilikuwa jepesi na jibu lilikuwepo. Yai, kijana wa Sudan Kusini mwenye kibanda cha gemu pale kambini Kakuma, alikuwa ameliandika kwa kalamu nyekundu, herufi kubwa: YA KUCHEZA GEMU YA MPIRA. Chini yake akaandika i5, RAM 8, iwe na feni nzuri, isizidi elfu ishirini na mbili. Kazi ya Céline ilikuwa kufungua fundo na kumpa kijana karatasi, basi. Lakini nyuma yake, karibu kabisa, alisimama Mama Nyaluak, shemasi wa kanisa lao, akijipepea kwa risiti ya vitambaa.

Walikuwa wametoka kambini kwa gari moja, kila mmoja na kibali chake cha siku moja. Nyaluak alikuja kununua kitambaa cha majoho ya kwaya, majoho arobaini ya Krismasi, na majoho ya kanisa lile miaka yote yalishonwa na Kasongo, mume wa Céline. Sasa tangu mwezi wa tatu Kasongo alikuwa amepigwa na kiharusi. Mguu ulirudi kwa fimbo. Mkono wa kushoto, ule unaoongoza kitambaa chini ya sindano, ulikaa pajani mwake kama mzigo uliosahauliwa na mgeni. Njiani Nyaluak alikuwa amemwambia Céline bila kuzunguka: "Mama Mélanie, mkono ukirudi kabla ya mwezi wa kumi na mbili kuingia, majoho ni yake. Usiporudi nitampa fundi mwingine, na usinichukie."

Kilichokuwa kinaurudisha mkono huo ni gemu. Daktari wa mazoezi alimpa Kasongo kimpira cha kufinya, akakifinya siku tatu akakitupa uani. Daktari akasema basi, tafuta chochote kinachofanya vidole vikimbie. Siku moja Kasongo akapumzika kwenye benchi la Yai, akapewa nafasi kwa mzaha, na baada ya mwezi kidole chake kidogo kikaanza kutikisika. Lakini pale kwa Yai kuna kompyuta mbili tu na vijana kumi wanaongoja. Mzee ni mzito wa vidole, anamaliza saa nzima hajafika golini, na wale vijana walimwita Kocha mbele yake na Kobe nyuma yake. Kwa hiyo Kasongo akauza mashine yake ya overlock, ile ya kuziba nyuzi pembeni, ili apate kompyuta ya nyumbani. Aliishika kwa mkono mzima mpaka ikafungwa kwenye toroli la mnunuzi.

Na Jumapili mbili tu kabla ya safari ile, mchungaji alihubiri juu ya vibanda vya gemu, kwamba ni mlango wa uvivu. Nyaluak aliitikia amina kuliko wote.

"Ni ya mtoto wa shule," Céline akasema.

Ekal akaweka mbili mezani. Moja ilikuwa nyeusi, nene, ina mikwaruzo, na alipoiwasha feni yake ikanguruma kama mashine ya posho. Akasema hiyo ni nzee lakini iko na nguvu. Ya pili ilikuwa mpya, nyembamba, rangi ya fedha, bado ina nailoni yake, unaweza kuibeba kwa vidole viwili. Akasema hiyo ni ya kuandika na kusoma, lakini kazi nzito haiwezi. Kisha akamtazama Céline, maana alikuwa ameona macho yake yanarudi kwenye ile nyeusi.

"Ni ya shule tu, mama? Hakuna kazi ingine?"

Nyaluak akajibu kwa niaba yake. "Amekwambia ya shule. Mpe mtoto kitu kizuri. Nani anampeleka mtoto shuleni na jiwe?"

Céline akalipa elfu ishirini na mia tano. Ekal akaandika kwenye risiti kwamba kitu kikiwa hakifai, kirudi ndani ya siku saba. Ilikuwa Jumanne. Fundo la kitenge halikufunguliwa.

*

Kasongo alikuwa amenyoa ndevu. Hilo ndilo jambo la kwanza Céline aliloliona alipoingia nyumbani, na alitamani asingeliona. Meza ya kushonea ilikuwa imefutwa, kiti kimevutwa, na ule mkono wa kushoto ulikuwa tayari juu ya meza, umenawishwa, kucha zimekatwa. Mélanie, binti yao wa miaka kumi na minne, ndiye aliyemkata.

Yai akaja jioni na flashi yenye gemu. Akaichomeka, akangoja, akakuna shingo, akangoja tena. Kikatokea kiandiko cha kukataa. Akakifunga. Kikatokea kingine.

"Mama, ile karatasi ulimpa huyo mtu?"

"Nilimpa."

"Basi hajui kusoma. Hii RAM yake ni nne. Na tumbo yake ndogo, gemu haijaingia hata nusu, imeshiba."

Akatafuta kwenye simu yake gemu nyingine ya zamani, nyepesi, ya miaka ambayo yeye mwenyewe alikuwa bado kwao. Hiyo ikafunguka. Wachezaji wakatoka uwanjani wakienda kama watu wanaotembea ndani ya uji. Kasongo akajikaza, akakibonyeza kitufe kwa kidole chake kigonjwa. Mpira ukapita, ukatoka nje, ukarushwa na wapinzani, na hapo ndipo mchezaji wake akainua mguu kupiga.

"Mgonjwa ni mimi ao ni yeye?" Kasongo akauliza.

Yai akacheka kidogo, akaona hakuna mwenzake anayecheka, akachomoa flashi. Mélanie akasema kwa sauti ya chini kwamba kama haifai, si aichukue yeye kwa masomo. Baba yake akamwambia hakuuza mashine ili watu waandike insha.

Hapo ndipo Céline alipotoa uongo wa tatu, ule uliomchoma zaidi. Alisema yule muuzaji amemdanganya.

Maneno hayo hayakulala nyumbani. Kabla chakula hakijaiva jirani wa kulia alikuwa ameshaingia, na wa kushoto, na mmoja aliyekuwa akipita na mbuzi wake. Wakamweka yule kijana wa Lodwar kizimbani na kumhukumu bila yeye kuwepo. Huyu alisema watu wa mjini wakimwona mkimbizi wanaona mfuko uliotoboka. Yule alisema yeye mwenyewe aliwahi kuuziwa redio tupu. Kasongo alikuwa mkali kuliko wote, alipiga meza kwa mkono mzima, na kila alipopiga, Céline aliyekuwa akisonga ugali aliona mwiko unazidi kuwa mzito. Kijana aliyemvutia kiti. Kijana aliyemuuliza mara mbili.

*

Alhamisi alikwenda ofisini kuomba kibali kingine cha kutoka kambini. Alifika jua halijachomoza akawa wa thelathini na mmoja. Zamu yake ilipofika, karani hakuinua kichwa.

"Reason?"

Céline akasema anakwenda kurudisha kompyuta Lodwar.

"Kompyuta ya nini?"

Swali lilelile. Lilikuwa limemfuata kutoka Lodwar kama mbwa aliyelishwa mara moja. Na kwa kuwa jibu lilikuwa limeshazoea mdomo, likatoka lenyewe: ya mtoto wa shule.

"Sawa. Barua ya shule iko wapi?"

Hana barua. Shule haijui habari za kompyuta yoyote. Karani akainua kichwa sasa, akamtazama kama mtu anayetazama shilingi isiyolia vizuri. Akamweleza taratibu, kwa sauti iliyofika mwisho wa foleni, kwamba nyuma yake kuna watu wa hospitali, kwamba vibali vya wiki ile vimekwisha, na kwamba akipata barua arudi, pengine baada ya Jumanne mbili. Mama mmoja aliyebeba mtoto mwenye bandeji akatoa mfyonzo. Céline akasogea pembeni. Siku saba za risiti zingekwisha Jumanne moja.

Nyumbani alisema tu kwamba foleni ilikuwa ndefu. Usiku Kasongo alikuwa akikunja na kukunjua vidole juu ya blanketi, na kidole kidogo, kile cha kwanza kurudi, kilikuwa kimeanza tena kuchelewa. Hakwenda kwa Yai wiki ile. Alisema hawezi kwenda kulipia saa ilhali ana kompyuta yake.

*

Jumamosi Kasongo alichukua risiti, akasoma namba ya simu iliyopigwa muhuri chini, akamwita mkewe.

"Mupigie. Weka spika, nimusikie huyu mwizi. Mimi ndiye nitasema."

Céline akasema salio halitoshi. Mélanie akasema linatosha. Céline akasema leo ni Jumamosi, duka limefungwa. Ekal akapokea mlio wa pili.

Kasongo alikuwa ameyapanga maneno yake tangu Jumanne, akayatoa yote bila salamu: kwamba wao ni watu kama watu, kwamba karatasi ilikuwa imeandikwa wazi, kwamba Mungu anaona. Ekal alimsubiri mpaka pumzi ikamwishia.

"Mzee, mimi sijaona karatasi," akasema. "Niliuliza mama mara mbili, hii ni ya kazi gani. Akasema ni ya mtoto wa shule. Hata yule mama mwingine akasema hivyo. Kama ningejua ni ya gemu, hiyo singempa hata bure. Lakini iko sawa, mzee, wacha niangalie vile nitawasaidia. Hapa niko na—"

Simu ikakata. Ndani ya ile nyumba mtandao hushika unapotaka.

Mélanie akachukua ndoo akatoka, ingawa ndoo ilikuwa imejaa. Kasongo akabaki anaitazama ile simu mezani. Mkewe akafungua pindo la kitenge, kwa maana hakuwa na lingine la kufanya, akaitoa karatasi ya Yai, bado imekunjwa vilevile, wino mwekundu umeanza kuenea kwa jasho. Akaiweka mbele yake.

"Ulinionea haya," Kasongo akasema.

"Nyaluak alikuwa nyuma yangu. Majoho, Baba Mélanie. Nilifikiri majoho."

"Ulinionea haya."

"Wanakuita Kobe," Céline akasema. "Nimesikia kwa masikio yangu. Nilipita na unga kichwani nikasikia. Wewe unacheka nao na wanakuita Kobe."

"Najua wananiita Kobe. Unafikiri kiharusi kilipiga masikio?" Akaikunjua karatasi kwa mkono mzima. "Nina miaka hamsini na ine. Nilikushonea gauni ya arusi. Nilishona na mabendera ya ofisi za kambi hii. Leo kidole moja inataka kuamka, na inaamka kwa gemu, si kwa kitu kingine. Sikuchagua. Sasa ukisema huko ni ya mtoto, ni sawa unasema mimi sipo."

Céline akaikunja tena ile karatasi. Alinieleza kwamba alikuwa na majibu manne na yote yalikuwa ya kweli, ila hakuna hata moja lililokuwa na faida.

"Nenda bombani, pale simu inashika," Kasongo akasema. "Mwambie ni ya nini." Kisha akachukua fimbo yake akamfuata.

*

Bombani Jumamosi mchana ni kama sokoni. Wanawake walikuwa kama ishirini, mitungi imepangwa mpaka barabarani, na Mama Nyaluak yuko katikati, amekalia dumu lake la njano kama kiti cha enzi. Yai naye alikuwepo, amekuja kutafuta maji ya kibanda. Céline akapiga. Alipoisikia sauti ya Ekal, kidole chake kilikwenda kwenye alama ya spika ili aizime. Kasongo alikuwa amesimama hatua mbili nyuma. Céline akakirudisha kidole.

"Ejok, kijana wangu," akasema. "Ni mimi, yule mama wa Jumanne. Nilikudanganya. Nisamehe. Kompyuta si ya mtoto."

"Hakuna shida, mama. Ni ya kazi gani?"

Mara ya tatu. Dumu moja lilikuwa limejaa na maji yanamwagika, na mwenye dumu hakufunga bomba.

"Ni ya kucheza gemu," Céline akasema. "Gemu ya mpira. Ni ya mzee wangu, fundi Kasongo. Ana mkono mgonjwa, na gemu ndiyo inaamsha vidole." Halafu akaikunjua karatasi na kuisoma yote, i5, RAM 8, feni, bei, kwa sauti ileile anayosomea masomo kanisani.

Kuna mwanamke aliyecheka. Mwenzake akampiga kiwiko.

Ekal akasema ile nyeusi nene bado ipo. Lakini kwa kuwa sasa anasema ukweli, na yeye atasema ukweli: betri yake imekufa, bila umeme haiwaki, na kuna batani moja ngumu. Ana nyingine safi zaidi ya elfu thelathini. Céline akamtazama Yai. Yai akasema betri si hoja, jenereta ya bloku inawaka kuanzia saa nane mchana, mzee atacheza saa hizo.

"Batani gani ngumu?" Yai akauliza kwenye simu.

"D."

Yai akashika kichwa. "Hiyo ndiyo ya kupiga goli, mama. Bila D huyu mzee atakuwa anatembea tu na mpira kama anaenda soko. Mwambie hapana."

Hapo Kasongo akasogea kwa fimbo yake.

"Ngumu vipi? Imekufa ao inataka nguvu?"

"Inataka nguvu, mzee. Ukifinya sana, inaingia."

Kasongo akautazama mkono wake wa kushoto. Kidole cha kati ndicho hukaa juu ya D, na hicho ndicho hakijatikisika hata siku moja.

"Nipe hiyo," akasema. "Kimpira cha daktari kilikuwa laini sana. Nipe hiyo ya nguvu."

Wakakubaliana. Ile mpya ipelekwe Lodwar na dereva wa matatu kabla ya Jumanne, pamoja na risiti na nyongeza ya mia tano, halafu ile nyeusi itumwe kambini. Céline alipokata simu, hakujua atazame wapi, akatazama mtungi wa mtu. Nyaluak alikuwa bado juu ya dumu lake. Aliinuka, akasogeza dumu lake chini ya bomba, akalifungua mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ile siku nilisema jiwe," akasema.

"Ulisema, mama."

"Na wewe ukaniacha niseme." Maji yakaingia kwa kelele. "Mchungaji alihubiri juu ya watu wavivu. Hakuhubiri juu ya wagonjwa. Ungeniuliza." Kisha akamgeukia Kasongo, akamtazama kama anavyompima mtu anayechelewa ibadani. "Fundi, kitambaa kiko sandukuni. Cheza haraka. Tarehe sikubadilisha."

Wale wanawake wakacheka sasa, wote, na Kasongo naye. Céline hakucheka. Alisema moyo wake ulikuwa bado umekasirika, na kilichomuuma ni kwamba hakuona wa kumkasirikia.

*

Ile nyeusi ilifika Alhamisi ndani ya gunia, imefungwa kwa kamba ya katani. Gemu ikaingia, wachezaji wakakimbia kama watu. Lakini ikaja na mambo yake. Nyumba ya mabati ya Kakuma saa nane si duka la Lodwar lenye feni ya darini. Baada ya dakika kumi na tano kompyuta ilipata moto, feni ikalia, na ikajizima katikati ya mchezo. Ikapoa, ikawashwa, ikajizima. Kasongo alitukana kwa Kifaransa, lugha anayoiweka kwa ajili hiyo tu.

Jumapili, baada ya kanisa, joto lilikuwa limeshika hata kuku walilala wamefungua midomo. Jenereta ikawaka. Kasongo akakaa mezani. Céline alikuwa amejilaza mkekani kando ya Mélanie, akasikia ile feni inaanza kupandisha sauti, akajua dakika zilizobaki. Akainuka. Akatoa kipepeo cha jiko, kile cha ukindu, akaketi kwenye kigoda kando ya meza na kuanza kuipepea ile kompyuta kama anavyopepea makaa. Kasongo hakugeuka. Akafungwa bao la tatu, akafungwa la nne, na mashine haikuzima.

Mélanie alishapitiwa na usingizi. Kelele za watu wa mpira zikaendelea ndani ya kompyuta, na baada ya muda Céline aliona wachezaji wa mumewe wamesimama tu, wanangoja. Kasongo alikuwa amelala amekaa, kidevu kifuani, mkono wa kushoto bado juu ya vitufe.

Akaweka kipepeo chini ili autoe mkono ule, asije akaamka umekufa ganzi. Akainua kidole kidogo, kikaja. Akainua cha pete. Alipoingiza kidole chake chini ya kile cha kati, kile cha D, kikamfinya. Kidogo tu, kama mtoto mchanga anavyoshika. Akakiacha. Akangoja. Kikamfinya tena.

Majoho arobaini bado yalikuwa kitambaa sandukuni, na mwezi wa kumi na mbili ulikuwa wiki tatu mbele. Céline hakumwamsha. Aliacha kidole chake palepale chini, akaokota kipepeo kwa mkono wa pili, akaendelea kupepea, polepole, halafu polepole zaidi, mpaka kipepeo kikateleza sakafuni naye akalala, kichwa juu ya meza ya kushonea.